Mgeni wa Bima

Shemeji Cleophace, shikamoo.

Huku Mabira mvua imenyesha, migomba haijambo. Mdogo wako ndiye ananitia wazimu! Daktari ameshathibitisha kwamba Jasson hatapona, na bima yake ya maisha humlipa mgonjwa wa namna hiyo kabla hajafa. Jana mtu wa bima alikuja kumwona. Jasson akaniamuru nimvalishe koti, akajikokota mpaka mlangoni, akampa mgeni kwa mikono miwili kahawa ya kutafuna, kama ada yetu ya kumkaribisha mtu.

"Mimi sijambo kabisa," akasema, "pole wewe kwa safari!"

Yule bwana akaandika kwamba mgonjwa bado ana nguvu, malipo yasubiri. Akapanda bodaboda, akaenda zake. Tangu hapo Jasson hawezi hata kujigeuza kitandani.

Njoo useme na hao watu wa bima, shemeji. Ila sitamwambia kwamba unakuja, maana atainuka tena kukupokea.

Shemeji yako,
Mackrine