Waziri Aliyerudi Udiwani

Jumatatu, 5 Mei
Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki, nimezitundika bwenini juu ya kitanda. Tasnifu bado. Waziri wangu wa Fedha wa Norwe, mwanamke ninayemwandika, amekwama kwenye sura ya mwisho, nami nimekwama naye. Alianza kama diwani wa mji mdogo wa wavuvi. Akapanda hadi akakabidhiwa hela za mafuta za nchi nzima, akakataa zitumike zote. Akasema hata ambao hawajazaliwa wana fungu lao. Chama kikamtosa. Hapo ndipo nilipoishia. Ijumaa naitetea mbele ya jopo. Naogopa.

Jumatano, 7 Mei
Soko la vitambaa la Zhongda, na Mama Divine, mfanyabiashara wa Lubumbashi. Yeye anachagua vitambaa, mimi namtafsiria Kichina. Tukiwa tunangoja mzigo ufungwe, nikamsimulia habari za waziri. Akaniuliza, “Kisha kumufukuza, alienda wapi?”

Sikuwahi hata kutafuta.

Jioni nimetafuta. Alirudi kwao, akagombea udiwani tena, akashinda. Waziri mzima, anashughulikia paa la shule na gati la mashua. Nimesoma magazeti yao kwa kutafsiriwa na simu. Nimefurahi kama nimepata ndugu.

Alhamisi, 8 Mei
Profesa Liang, msimamizi wangu, amekasirika. Anataka kurasa nilizoongeza jana usiku kuhusu kurudi udiwani zitoke. Kwake, safari ya mwanasiasa inakwisha anapoacha wizara. Huyu ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu nafasi yangu ya kusomea shahada ya udaktari. Nimekataa kuzitoa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimefaulu.

Mzee mmoja wa jopo akauliza, “Kwa hiyo mwanamke huyu alishindwa?” Nikamwambia hapana. Kwetu Mtwara gesi ipo, na watu wanauliza imewafaa nini. Wanaotaka uwaziri wapo tele. Anayekubali kurudi kusikiliza habari za paa la shule, huyo simjui bado. Profesa Liang akainamisha kichwa, akaandika kitu.

Nje akanisimamisha. Nafasi ya udaktari ni yangu nikiitaka. Kurasa zile zibaki.

Nimelia chooni. Kisha wali na maharage pamoja na Mama Divine mgahawani, mtaa wa Dengfeng. Kanikatalia kulipa.

Jumapili, 11 Mei
Jua. Nimelala hadi saa nne.

Nimempigia mama. Nimemwambia nimefaulu, akamshukuru Mungu. Nimemwambia nafasi ya udaktari nimeiacha. Narudi nyumbani kugombea udiwani.

Nilimsikia akivuta kigoda akakaa.

“Kata ipi?” akauliza.

“Yetu.”

“Basi uje mapema,” akasema. “Watu wa kule bondeni hawakujui.”