Alhamisi Zetu za Ukunda

Shangazi yangu Mwanasha,

Assalamu alaikum huko ulikotangulia. Sisi hapa Msambweni tu wazima. Rukia wangu ameota meno mapya ya mbele na ameanza darasa la kwanza. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kuna jambo nililokuficha, na kila nikilifikia nilikuwa naiweka kalamu chini. Leo nitalimaliza.

Wewe ulidhani nilianza kunywa baada ya fujo za Likoni, watu wa bara waliposhambuliwa, wageni walipokatika na hoteli ikatuachisha kazi. Nilianza kabla. Nilipokuwa nikisafisha vyumba kule Diani, wageni waliacha chupa zenye mabaki, nami nilikuwa nikijifungia bafuni nikiyamaliza. Kazi ilipokwisha, nikahamia kwenye mnazi, tembo la bei rahisi.

Siku uliyonikuta ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimelala sakafuni, wali umeungua mpaka umekuwa makaa, na Rukia alikuwa ameshika mfuniko wa moto kwa viganja vyote viwili. Hukunipigia kelele. Ulimfunga mtoto mgongoni kwa leso, tukaenda hospitali, na muuguzi aliyemsafisha vidonda akanisikia harufu. Hakunisemesha mimi, alikuvuta wewe kando. Alikwambia kuna watu wanaokutana Ukunda kila Alhamisi alasiri, walevi walioamua kuacha, na kwamba wanasaidiana kwa kuzungumza tu. Njiani ukaniambia, "Alhamisi tunakwenda." Hukuniuliza kama nataka.

Tulipofika nilisimama mlangoni.

"Shangazi, hapa ni kanisani."

"Ni ukumbi. Kwani tumeitwa kuswali? Ingia, tumechelewa."

Ndani kulikuwa na watu tisa, wanaume tupu, karibu wote wa bara. Walipotuona na mabuibui yetu waliacha kuzungumza. Mutua, fundi wa viatu, ambaye kibanda chake kilichomwa wakati wa fujo, aligeuza kiti akatupa mgongo. Mwalimu Wambua, aliyekianzisha kikundi baada ya pombe kumtoa kazini, alituomba tujitambulishe. Ukasimama wewe.

"Naitwa Mwanasha binti Juma. Mimi pombe sijapata kuionja. Huyu ni binti wa kaka yangu, na peke yake hatakuja. Mkitaka nitakaa nje, lakini yeye abaki."

Kisha Mutua, bila kugeuka, akasema, "Nje kuna jua, mama. Kaa."

Ulikaa, na ukaja kila Alhamisi. Uliwasikiliza wale wanaume mikono umeikunja, na mara mojamoja uliwauliza kama mama yao: "Na mkeo siku hiyo alikula nini?" Waliogopa kukujibu uongo. Mwezi wa pili haujaisha, Mutua alikuwa wa kwanza kukuamkia shikamoo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Wale wasichana tisa waliokuja barazani kwako kusoma Kurani walipungua mpaka wakabaki wawili. Nilipokuuliza, ulisema wamekwenda shambani kupalilia. Nilikuamini. Ni katika matanga yako ndipo jirani aliponieleza kwamba mama zao waliwatoa, wengine wakisema Mwanasha ameingia ukristo, wengine wakisema Mwanasha anakunywa na mpwa wake. Ulisikia yote hayo, na Alhamisi ulikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Sasa hilo nililokuficha.

Unaikumbuka siku Mwalimu Wambua aliponisimamisha, akatangaza kwamba nimetimiza miezi sita? Watu walipiga makofi, nawe ukapiga kigelegele mpaka wanaume wakacheka. Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukitabasamu peke yako.

Nilikuwa nimekunywa, Shangazi. Jumanne ya wiki ile ile, nilipokwenda Bodo kumjulia hali mama. Hakuna aliyenilazimisha wala hakuna kilichoniudhi. Niliupita uwanja wanapouza mnazi, nikarudi nyuma, nikaagiza chupa moja, nikainywa yote. Nilipoitwa Alhamisi nilijiambia nitasema. Kisha nikakuona umeshaweka mikono tayari kupiga makofi.

Nilipanga kukwambia Alhamisi iliyofuata, ukashikwa na presha. Nikajiambia apate nafuu kwanza. Hukupata.

Wiki mbili baada ya kukuzika nilikwenda Ukunda peke yangu. Nilisimama nikawaambia yote, mnazi wa Bodo na kigelegele chako. Nililia sana. Mutua ndiye aliyesema, "Basi tuhesabu upya. Leo siku ya kwanza."

Nimehesabu upya. Leo ni mwezi wa tisa, na ndani yake hakuna uongo. Siku nyingine kiu hunijia mchana kweupe nikiwa nafua, nami huacha nguo kwenye karai nikaenda kwa jirani kukaa naye mpaka ipite. Sijui itarudi mara ngapi. Alhamisi naenda, mvua inyeshe isinyeshe.

Ungalikuwa hai ungalinikasirikia siku mbili, ya tatu ungaliniita tule. Mimi sikukupa nafasi hiyo, na ndilo linaloniuma kuliko chupa yenyewe. Nisamehe. Mwenyezi Mungu akupokee kwa rehema zake.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Mama Rukia