Utepe wa Goti la Baba

Irene, huwezi kuamini alichofanya baba!

Juzi dada Jenista kamfunga utepe kwenye lile goti alilotegua, ule unaovutika, wa kushikilia misuli. Kamwambia kabisa: usiubandue siku tatu.

Leo karudi Itaka kumwangalia. Goti tupu! Limevimba upya.

"Baba, utepe uko wapi?"

Mzee kaonyesha bomba la kupulizia dawa ya kahawa. Utepe kauzungushia kwenye mpira wa bomba. KWENYE MPIRA, Irene!

"Lilikuwa linavuja. Sasa halitoi hata tone, mwanangu."

Jenista kafoka mpaka machozi yakamtoka. "Na goti je?"

"Goti limeshazoea kuuma. Kahawa haijazoea wadudu."

Halafu bila haya: "Umebaki mwingine? Bomba la jirani Kasiani nalo linavuja."