Matone kwenye Friza ya Samaki

Jumatatu, 3 Machi
Kazi: ukuta wa nyuma, Kyumbi. Hewa: jua kali. Mafundi: wawili. Mimi: nyumbani, wiki ya tatu tangu chokaa inirukie jicho la kulia. Naandika daftari la kazi ya watu wengine. Inaniudhi sana.

Asubuhi nilinyoosha mkono nichukue kikombe, nikashika hewa. Mke wangu Ndunge alicheka, kisha akakiweka kiganjani mwangu. Fundi asiyejua kikombe kiko wapi atapandaje jukwaa la ujenzi?

Mwaitu, mama yangu, amekuja na dawa yake: maziwa ya jirani anayenyonyesha, yatiwe jichoni. Nimekataa. Niko na matone yangu ya ganzi kutoka duka la dawa. Tone moja tu, uchungu kwisha.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali. Daktari Halima alinitia rangi jichoni, akawasha taa ya bluu. Palipo na kidonda panang'aa kijani. Milimita tano. Ngozi ya jicho imekataa kujifunga. Isipofunga kufikia tarehe 26, atanishona kope. Kushona! Kama gunia la mahindi. Niliogopa, sifichi.

Lakini kwanza tunajaribu kitu. Alinitoa damu, ikazungushwa kwa mashine, nyekundu ikashuka, juu yakabaki maji ya manjano. Hayo ndiyo dawa. Yangu mwenyewe! Mara nane kwa siku, kichupa kipya kila siku, vingine vigande kwenye friza. Friza hatuna. Dada yangu Mueni anayo, ya samaki wa bwawa la Masinga anaowauza. Daktari alifikiri kidogo, akasema sawa, lakini ndani ya kopo lililofungwa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Naandika alivyonieleza daktari jana kabla sijasahau. Ndani ya yale maji kuna wajumbe wa kuamsha ukuaji. Mjumbe akifika kwenye seli haingii. Nilimuuliza mara mbili. Haingii! Kwenye utando wa seli kuna vipokezi, kichwa nje, mkia ndani. Mjumbe anashika kichwa. Vipokezi viwili vinasogeleana, mikia inawekeana alama kule ndani, alama inamwamsha wa karibu, naye anamwamsha mwenzake, hadi kwenye kiini. Kiini kinatoa amri: gawanyikeni, songeni, zibeni pengo.

Aiya! Si ni karai ya simiti hii? Anayechanganya simiti hapandi jukwaa. Anampa wa kwanza, wa kwanza anampa wa pili, hadi juu kwangu. Miaka ishirini nimepokea karai, kumbe jicho langu lina jukwaa lake. Nimemweleza Ndunge mara tatu. Amesema nimwache apike.

Nilimuuliza daktari pia kuhusu maziwa ya mwaitu. Akasema hata humo wajumbe wamo, ila yanaweza kuleta vijidudu, nisithubutu. Mwaitu amesikia nusu ya kwanza tu. Anatembea kijijini kifua mbele.

Jumatatu, 10 Machi
Milimita nne! Seli zimesikia! Nimepiga makofi mle hospitalini, wagonjwa wakageuka.

Mchana karibu nife. Mueni alimfungia mteja wa Mitaboni ngege watatu, na kopo langu ndani ya mfuko huohuo. Alimkimbilia hadi barabarani akipiga mayowe: "Rudisha jicho la kaka yangu!" Yule mama aliangusha mfuko wote. Kopo halikuvunjika. Ngege walioshwa.

Jumatatu, 17 Machi
Nne. Bado nne. Wiki nzima, matone mara nane bila kukosa, haijasonga hata unywele. Wajumbe wanafika, kazi haianzi. Kwa nini? Daktari Halima aliuliza kama kuna kitu kingine natumia. Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana.

Uchungu mkali. Ganzi mara sita leo.

Jumatano, 19 Machi
Ndunge amekuta kichupa cha ganzi kwenye koti la kazi. Hakuniuliza. Alishika njia ya hospitali, mimi nyuma yake.

Daktari alikigeuzageuza. "Mutua, hii ndiyo inakumaliza." Ganzi haizimi uchungu tu, inazidhuru seli zenyewe, hazina nguvu ya kusonga hata zikiitwa. Kumbe mimi ndiye niliyewanywesha mafundi pombe asubuhi, halafu jioni nawagombeza ukuta haujapanda.

Nilimwambia ukweli. Uchungu ukiisha najiona mzima, naenda saiti, nasimama pale chini na kuwaelekeza mafundi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kichupa alikimwaga kwenye sinki. Siku saba zimebaki.

Alhamisi, 20 Machi
Kama mchanga wa mto chini ya kope. Machozi tu. Sijatia ganzi.

Ijumaa, 21 Machi
Vilevile. Ndunge ananitilia matone kwa saa yake. Nimemwomba msamaha. Akasema nifungue jicho kwanza.

Jumapili, 23 Machi
Uchungu umepungua! Wenyewe, bila kuulazimisha! Sikuenda kanisani, mwanga bado unachoma, lakini kwaya inasikika hadi huku na nimeimba nayo kitandani.

Jumatano, 26 Machi
Uzi na sindano vilikuwa tayari kwenye sinia. Nikaviona.

Taa ya bluu. Daktari akatazama. Akafuta lenzi yake, akatazama tena. Nikauliza ngapi.

"Hakuna."

Hakuna kijani! Sifuri! Ngai mwema! Nilitaka kumkumbatia daktari, nikakumbuka adabu, nikamkumbatia Ndunge mpaka leso ikamwanguka. Kumebaki ukungu kidogo. Ngozi mpya bado laini, matone yaendelee, jukwaa nisiguse kwanza. Sawa. Chochote. Nimepitia kwa Mueni nikamnunulia soda, na yule mteja wa Mitaboni angekuwepo ningemnunulia pia.

Jumatatu, 14 Aprili
Kazi: ukuta wa mbele, kozi ya saba ya mawe. Hewa: mawingu, mvua kidogo alfajiri. Miwani ya kukinga: ndiyo. Karai zilipanda vizuri.

Saa nne Ndunge alileta chai. Nilinyoosha mkono, nikashika kikombe. Alinimiminia hadi juu.

Mafundi: watatu.