Mkate wa Bi Zuhura

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, mama. Huku Dunda sote wazima. Goti la babu yako lina nafuu, na shangazi yako wa Zinga kajifungua mtoto wa kike, kelele tupu.

Unauliza kwa nini mwalimu wenu wa usanifu anawashikilia wiki nzima kwenye ukubwa wa herufi na nafasi baina yake. Ngoja nikwambie.

Usichanani nilikuwa nauza mkate wa kumimina hapa barazani. Nikamwita fundi aniandikie ukutani: MKATE WA BI ZUHURA. Akaandika MKATE juu, BI ZUHURA chini, herufi kubwa kama makabati. Ndipo akakumbuka WA, akaibana katikati, ndogo kama sisimizi. Aliyesimama ng'ambo ya barabara alisoma: MKATE BI ZUHURA!

Asubuhi muuza nyama akaja na kisu. "Zuhura, nikukate wapi? Ukuta umeniamuru."

Mtaa mzima ukacheka. Nikajifungia ndani nalia. Mama yangu akamsimamisha fundi ng'ambo. "Haya, soma!" Akasoma, akajishika mdomo. Akafuta yote, na safari hii akapima kwa uzi kabla ya kugusa rangi.

Lakini kabla hajafuta, kijana mmoja mgeni kutoka Miono alibisha hodi. "Dada, nimesoma ukutani. Nani anataka kukudhuru?"

Hakuwa anatania, maskini. Nilicheka mpaka machozi yakakauka, nikamkatia kipande cha mkate. Ndiye babu yako.

Basi zishike sana hizo nafasi, mama. Mume mtafute kwa njia nyingine.

Bibi yako,
Zuhura