Bateri ya Moto Iko Hapa Mezani

Papa Benita,

Nimeshuka Sake na watoto, kwa miguu. Maharagi iko mu sufuria. ~~Usitufuate.~~ Utufuate mbio!

Asubui, wakati ulienda Kibabi kutafuta kamba ya gita, masasi ya bunduki imelia karibu na soko. Nikataka kupakia mama yako kwa moto, ile pikipiki yako, sababu mguu yake haiwezi hii kilima. Moto ikakatala kuwaka. Kumbe bateri umeifungia chini ya ubao yako ya pedali za gita ya bass, ati chorale yenu ya waimbaji ipate sauti nzito! Nimepasua ubao na shoka. Pedali zimetawanyika, unisamee ao usinisamee. Lakini kurudisha bateri mu moto, nimeshindwa.

Njo hii bateri, hapa mezani. Mama yako amekatala nimubebe, amesema: «Beba watoto.» Yeye iko mu chumba ya nyuma. Anakungoja.

Mama Benita