Waziri wa Kabine

Jumatatu, 2 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: nataka kuwa waziri. Rais, hapana. Nataka kuwa yule anayekaa mezani na kujua habari za wizara yake vizuri kuliko wote. Hata mama hajui. Na mkimbizi hawezi. Hapa Zambia waziri lazima kwanza awe mbunge, na mbunge lazima awe raia. Kwetu Congo ni kinyume, mbunge akiteuliwa waziri anaacha kiti chake. Nimesoma yote mawili. Bado nataka.

Leo tulifagia darasa kama kawaida, kisha somo la uraia. Mwalimu Mwansa akatangaza: Ijumaa darasa letu litafanya kikao cha baraza la mawaziri na kueleza uamuzi mbele ya wazazi. Kila waziri alete hoja moja kuhusu shule. Hoja itakayopita, mwalimu mkuu ataitekeleza pamoja na wazazi.

Mimi nimepewa Maji na Usafi.

Hoja yangu naijua. Vyoo vya wasichana havina milango. Mmoja akiingia, mwenzake anasimama nje na kitenge. Wengi wakiwa katika siku zao hawaji shule. Mimi ni mmoja wao.

Naogopa kusimama. Lakini nimeteuliwa.

Jumanne, 3 Juni

Aibu.

Jana mama alirudi kutoka Kabuta, kule ziwani, na gunia la chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Nilimsaidia kuwaanika, nikajikaza nikamwambia, kwa sauti yangu hii ndogo, kwamba shuleni wameniweka mu kabineti. Ndivyo mwalimu anavyoliita baraza hilo. Ningesema serikali, mama angeelewa. Aliacha samaki akaniangalia. Nikadhani ni furaha.

Leo katikati ya hesabu akatokea mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Monsieur, mutoto yangu hakukimbia vita juu ya kuya kufagia kabine ya batu."

Kwetu kabine ni choo.

Mwalimu Mwansa anajua Kibemba na Kiingereza tu. Ikabidi nitafsiri mimi mwenyewe. Waliotoka Congo walikuwa wameshacheka, Wazambia wakacheka nilipomaliza. Mwalimu alimweleza mama vizuri, kwa heshima. Mama aliomba samahani akaondoka, hakuniangalia.

Deo, jirani yetu, Waziri wa Michezo, alinifuata hadi nyumbani. "Excellence, ku kabine kuko maji?" Excellence ni Mheshimiwa, wanavyoitwa mawaziri kwetu.

Jumatano, 4 Juni

"Excellence" mara nyingi mno leo. Hata watoto wa darasa la nne.

Nilimwendea mwalimu, nikasema nataka kuacha. Hakukasirika. Alisema waziri anaruhusiwa kujiuzulu, ndiyo desturi, akishindwa kukubaliana na wenzake. Akauliza mimi nimeshindwa kukubaliana na nini.

Nikarudi kwenye dawati langu. Nikijiuzulu, hoja ya milango haina mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Nilikaa na kitabu cha uraia mapumziko yote. Zamani wafalme wa Ulaya walikuwa na baraza kubwa, watu wengi, kelele nyingi. Mfalme akitaka shauri la kweli aliwaita wachache katika chumba kidogo cha faragha. Chumba kile kiliitwa kwa neno hilihili la kabine. Baadaye jina likahama kutoka kwenye chumba likawakalia watu. Wakati wa ukoloni huku, gavana alikuwa na baraza lake la utendaji, na wenye nchi walikaa nje ya mlango. Ulipokuja uhuru wakaingia.

Chumba kidogo cha faragha! Nilicheka peke yangu. Mama hakukosea sana.

Ijumaa, 6 Juni

Nimesema. Nimesema mbele ya watu wote.

Kwanza tulikaa wenyewe darasani, mlango umefungwa, kama mawaziri wa kweli. Deo alitaka mipira na nyavu za goli, akabishana vikali. Mutale, rais wetu, alisikiliza wote, akaamua milango. Mwalimu akatukumbusha: ndani bishaneni, mkitoka mna sauti moja.

Nje, mbele ya wazazi, nilisimama. Nilianza kwa neno lenyewe, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili chetu. Nikasema neno moja limetaja mahali pa kutunzia siri za nchi na mahali pa kutunzia heshima ya mtu. Pote pawili panahitaji mlango. Halafu nikaeleza wasichana wanaobaki nyumbani. Hakuna aliyecheka.

Baba mmoja alimgeukia Deo: Waziri wa Michezo, mipira je? Nikaogopa. Deo alikuna kichwa.

"Mupira itangoja, papa. Badada zetu habawezi kungoja."

Sikutegemea. Huyo ni waziri.

Mwalimu mkuu alikubali. Wazazi wakagawana mbao na bawaba. Mama alisimama, nikataka kuingia ardhini. Alisema ataleta misumari, na kwamba yeye ni mama wa ministre wa kabine, kama kuna mwenye kucheka, acheke sasa. Walimpigia makofi.

Nina fahari. Naandika tena: nina fahari.

Jumamosi, 7 Juni

Sokoni na mama. Alinitambulisha kwa kila mteja. Nilimwachia.

Jumatatu, 9 Juni

Wazazi walimaliza kupigilia milango jana baada ya ibada. Wasichana wawili wa darasa la nane, wageni kutoka Congo, waliniuliza Premier ministre, yaani waziri mkuu, wa hapa ni nani. Nikawaambia hayupo, rais mwenyewe ndiye anayeongoza kikao. Wakashangaa.

Kengele ilikuwa bado. Nilikwenda vyooni peke yangu, bila mtu wa kunishikia kitenge. Niliingia, nikavuta mlango, nikasukuma komeo. Nilipotoka nilinawa mikono, nikarudi darasani.